Nchi Nzima Iko Wiki ya Kumi na Moja

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja. Wifi yako ameweka sufuria chini yake na kuniambia kwamba mwanamume anayejua kusoma anapaswa kujua pia kupanda ngazi. Cherehani yake imepona baada ya kubadilishwa mkanda. Mwanao Chiriku naye ni mzima kabisa. Anakula, analala, na kati ya kula na kulala anazungumza. Jana alimweleza mteja mmoja wa wifi yako habari zote za mteja mwingine mpaka tukakosa pa kuficha nyuso. Jina hilo ulimpa ukijua.

Utauliza mbona sikupigii simu. Kwenye simu unanikatiza, dada. Tangu tukiwa wadogo hujawahi kunisikiliza hadi mwisho wa sentensi. Karatasi huwezi kuikatiza, na kwa kuwa dereva wa gari la Mpango wenu hupita hapa mara kwa mara, acha nami nifaidi kitu kimoja kutoka kwenye Mpango.

Maana huo Mpango wa Kila Mtoto Msomaji umetufikia. Tulikusanywa ukumbini, walimu wa darasa la kwanza na la pili, tukafundishwa kupiga makofi. Siku ya kwanza yote ilikuwa makofi: makofi ya pongezi, makofi ya mvua, makofi ya roketi. Mimi na kitambi changu niliruka kama roketi mbele ya kijana ambaye sidhani kama amewahi kufuta ubao. Siku ya mwisho tukapewa mwongozo. Unaniambia niseme nini, mtoto ajibu nini, na mimi nimjibu nini. Mahali fulani umeandikwa: "Mwalimu atabasamu." Nimetafuta panaposema "Mwalimu ateme mate", sikupaona.

Vitabu navyo vimekuja, na ni vizuri, sisemi uongo: karatasi nzito, picha za rangi. Mwalimu mkuu alivipokea kwa mikono miwili akavifungia kabatini ofisini kwake, eti watoto watavichafua. Wageni wa ukaguzi wakitajwa tu, vitabu vinatoka na kugawiwa vikiwa bado vinanukia wino. Wageni wakiondoka, vinahesabiwa na kurudishwa kifungoni. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walikuwa wanatusema sisi. Siku nyingine zote naandika ubaoni, na watoto wa nyuma wanasoma visogo vya wenzao, kwa sababu darasa limejaa hadi mlangoni.

Halafu nikaiona ile hadithi yako. Fundi ana mbuzi. Mbuzi ana pembe. Mbuzi anakula majani. Fundi anafurahi. Wifi yako alipomsikia Chiriku akiikariri akasimamisha cherehani. "Huyo si mbuzi wangu?" Nikamwambia ndiye. Akasema yule mbuzi alikula gauni la bibi harusi na hajawahi kumfurahisha fundi yeyote hata siku moja. Anataka kujua gauni limekwenda wapi, na kwa nini amewekwa kitabuni bila kuulizwa.

Njoo umwone mtoto. Anakuulizia.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea ndani ya gari, nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena kwa ajili ya roketi. Natumaini sufuria bado inatosha. Mimi ni mzima, mgongo tu unanisumbua kwa safari.

Mwambie wifi yangu gauni lilikuwemo. Niliiandika hadithi ile mezani kwangu Jumapili nzima. Bibi harusi alikuwemo akilia, na mbuzi alikuwemo na kipande cha kitambaa cheupe kikimning'inia mdomoni. Kamati ikasema haina maadili. Mjumbe mmoja akasema ni ndefu, mtoto hawezi kuimaliza kwa dakika moja, na kipimo chetu ni dakika moja. Wakakata, wakakata, yakabaki majani. Nikasaini. Ukikaa kwenye kamati utajua kwamba kuna siku mtu anasaini ili aende nyumbani.

Lakini usinifanyie dhihaka kwa kila kitu. Nami nilikula vumbi la chaki kabla yako. Kabla ya Mpango kulikuwa na nini? Watoto walikuwa wanamaliza shule ya msingi hawawezi kusoma kibao cha mlangoni wakajua choo kipi ni cha wanawake. Mwongozo umeandikwa neno kwa neno kwa sababu si kila mwalimu ni wewe. Wapo wanaoingia darasani wakazama kwenye simu hadi kengele inalia. Hao nao wana watoto mbele yao.

Sasa habari njema. Wifi yangu alinitumia video ya Chiriku akisoma Mbuzi wa Fundi. Niliionyesha ofisini, mkurugenzi akawaita wenzake. Mtoto wa shule isiyo na hata uzio, anasoma kama maji yanayomiminwa. Sijui kama ni kwa ajili hiyo, ila wiki iliyofuata nikapewa uratibu wa kanda nzima. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na utaongezwa kama matokeo ya kanda yatakuwa ya kijani. Unazijua rangi zetu: kijani anasoma, njano anajikongoja, nyekundu hajui.

Nilimleta Chiriku kwako kwa sababu kazi hii inanizungusha nchi nzima, na habari za baba yake unazijua mwenyewe. Sikumtupa. Nimeona kwenye barua yako kuna mahali unataka kusema nimemtupa, ukaacha.

Dada yako

30 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Paa nimeliziba kwa kipande cha turubai, kwa hiyo sasa linavuja mahali pengine. Wifi yako anasema kama gauni lilikuwemo basi amekusamehe nusu.

Kuhusu ile video. Nimekaa na kalamu siku kadhaa nikitafuta kwa kuanzia, na hakuna pazuri.

Wapimaji wenu wanapita shule hadi shule na hadithi ileile moja. Shule ya kwanza ikishapimwa, mwalimu wake anampigia simu shemeji yake wa shule ya pili, na mpaka wafike kwetu, mbuzi ameshatangulia. Mwalimu mkuu akatoa amri. Asubuhi kabla ya hesabu, mbuzi. Baada ya hesabu, mbuzi. Darasa zima linaimba, na anayeongoza ni Chiriku, kwa sababu kitu kikimwingia sikioni hakitoki. Mimi nilikuwa mbele na kijiti changu nikionyesha ubaoni. Usidhani nilikaa pembeni nikiwa msafi.

Siku ya wapimaji, vitabu vilipotolewa, nilificha kimoja ndani ya koti nikaja nacho nyumbani. Nikamketisha Chiriku kwenye meza ya cherehani, nikafungua ukurasa wenye picha ya tangi la maji, nikamwambia anisomee. Akaweka kidole kwenye mstari vizuri, kama mlivyotufundisha tuwafundishe. Akaanza: Fundi ana mbuzi. Nikageuza ukurasa, pana barabara na lori. Mbuzi ana pembe. Kidole kinatembea, mdomo unatembea, na havijuani. Nikakipindua kitabu, miguu juu. Mbuzi anakula majani. Alipomaliza akanitazama akisubiri makofi ya roketi. Na mimi nikapiga, dada. Mikono ilipiga yenyewe.

Chiriku hajui kusoma. Hajui kutofautisha b na d. Wapimaji wamempa kijani, na karibu darasa zima limepewa kijani pamoja naye, na wote hao wamevishwa kilemba cha ukoka. Mwisho wa mwaka watapandishwa darasa la tatu, ambako hakuna mbuzi wala makofi. Kuna sayansi, kuna historia, kuna mwalimu atakayemsimamisha mwanao mbele ya wenzake na kumwita mjinga. Nimewaona wa namna hiyo wakipita mikononi mwangu. Kwanza wanaacha kuzungumza, halafu wanaacha kuja shule. Mfikirie Chiriku akiwa ameacha kuzungumza.

Nimejawa na kinyaa, cha mwalimu mkuu, cha wapimaji, cha makofi, na cha hiki kijiti changu. Niambie nifanye nini. Nakuuliza kama mama yake, na nakuuliza kama mratibu.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mvua huku zimekoma, na barabara ya mbele ya ofisi imechimbwa kwa ajili ya mabomba, kwa hiyo tunaingia kupitia nyuma, penye mapipa ya taka. Nimehamishiwa chumba kikubwa zaidi. Kina dirisha linaloangalia ukuta.

Dereva atakukabidhi gauni la njano na viatu, vyote vya Chiriku. Sababu ni hii: mwishoni mwa Septemba kuna sherehe ya kitaifa ya Mpango. Waziri atakuwepo, na wafadhili, na Chiriku ndiye aliyechaguliwa kusoma jukwaani. Sikumpendekeza mimi. Mkurugenzi mwenyewe alisema anamtaka yule mtoto wa kwenye video.

Mengine uliyoandika nimeyaona. Watoto hutofautiana, kila mmoja ana wakati wake. Ukiona anachanganyikiwa, fuata mwongozo, usiongeze mambo yako.

Je, bado anajikuna masikio akianza kusinzia?

Dada yako

11 Julai

Dada,

Shikamoo. Gauni limemkaa vizuri, viatu vinambana. Anajikuna bado. Wifi yako alikuwa na homa, amepona.

"Mengine uliyoandika nimeyaona." Nilikuandikia kwamba mwanao hasomi ukanijibu hivyo, kwa mwandiko mzuri, ukaendelea kuniuliza habari za masikio. Miwani ya mbao uliyovaa, sijui fundi gani amekuchongea, lakini imekukaa kuliko hilo gauni.

Kwa hiyo sikungoja jibu jingine. Jioni baada ya chakula namketisha mezani. Wifi yako ametupatia vitambaa vyeusi vilivyobaki na ile chaki yake bapa ya kuchoria nguo. Naandika ba, be, bi, anafuta kwa kiwiko, naandika tena. Wiki za kwanza alichukia. Aliniambia, "Mjomba, mimi najua kusoma, nilipigiwa makofi." Nikamwambia makofi yalikuwa ya mbuzi. Kisha siku moja akaona neno "sabuni" kwenye karatasi ya sabuni, akaliokota kipande kwa kipande, sa, bu, ni, na alipolipata akanyamaza. Chiriku akanyamaza, dada. Alienda kuinusa ile sabuni kuhakikisha.

Darasani nikafanya vilevile. Niliweka mwongozo pembeni nikarudi kwenye wiki ya tatu, kwenye silabi, kwa sababu hapo ndipo nilipowakuta wamekaa wote. Mwalimu mkuu akanishtaki. Afisa wa elimu akaja na kishikwambi chake, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Mwalimu, leo nchi nzima iko wiki ya kumi na moja. Wewe uko wapi?"

"Niko na watoto."

"Nakuuliza wiki."

"Ya tatu."

Akaandika. Hakuuliza kama wanasoma. Hakumwita hata mtoto mmoja. Nchi nzima, kila darasa, kila kona, eti imefungua ukurasa mmoja siku moja, na hilo ndilo linalowapa usingizi mtamu huko kwenu.

Wiki iliyopita wapimaji wamerudi. Ukae chini unaposoma haya. Chiriku alipewa hadithi ileile, na saa ikabonyezwa. Mwaka huu wote angeimaliza kabla ya nusu ya dakika akiwa amefumba macho. Safari hii aliangalia maandishi. Fu. Fu-ndi. Fundi. A-na. Anashika neno, analihakiki, anasogea. Dakika ilikwisha mbuzi hajaota pembe. Wakamwandika nyekundu. Wale wenzake wanaoimba bado ni kijani. Mwalimu mkuu akaniambia mbele yake, "Mwalimu, umemharibu mtoto wa watu."

Mimi nimefundisha miaka mingi, nimeona mengi ya kuchukiza, lakini sijawahi kumwona mtoto akiadhibiwa siku aliyoanza kusoma. Nilitoka nje nikatema mate ukutani mwa ofisi, mahali ambapo mwalimu mkuu ameandika kwa mkono wake "Usiteme mate hapa". Niliyasoma maneno hayo bila kukosea.

Mdogo wako

8 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini wifi yangu sasa ana nguvu. Nimemtumia dawa ya kuongeza damu.

Mkurugenzi ameiona ile nyekundu. Aliniita akaniuliza kama ni mtoto yuleyule. Nikasema wamekosea kuandika.

Sikiliza, na usinikatize wewe safari hii. Ni wiki chache tu. Kama ameanza kushika silabi, hazitamtoroka. Mwache kwa sasa, mrudishe kwenye hadithi kama alivyokuwa, asome jukwaani kama alivyosoma kwenye video, sherehe ipite. Baada ya hapo mfundishe unavyotaka, nitakutumia na mbao na chaki. Tufunike kombe mwanaharamu apite. Nikiikosa kazi hii sina pa kurudi, nafasi yangu ya ualimu ilishajazwa, na huyo mtoto ananitegemea mimi, si wewe na cherehani ya wifi yangu.

Sipendi kuandika maneno haya. Nakuomba kama dada yako mkubwa, ambaye alikubeba mgongoni.

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wifi yako ameshukuru kwa dawa.

Ulinibeba mgongoni, kweli, na siku moja uliniangusha, lakini hilo si lenye kuniuma leo. Mkuki kwa nguruwe. Mlipowaimbisha watoto wa watu mbuzi nchi nzima mlipiga makofi, sasa umefika kwa wako unaniomba nimrudishe gizani mpaka wageni waondoke. Umeniomba nimwambie mtoto aliyejifunza kuangalia maandishi kwamba asiyaangalie. Sijui nimwambie kwa maneno gani. Mwongozo hauna.

Sikumwacha na simwachi. Wifi yako atamleta mjini kwa basi siku mbili kabla ya sherehe, akiwa vile alivyo. Wewe ndiye mama, utaamua mwenyewe utakapomsikia.

Shuleni hakuna jipya.

Mdogo wako

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Sijui nianzeje kukusalimu. Salamu zote pokea.

Uliandika kwamba shuleni hakuna jipya. Jana, kwenye taarifa za kanda yangu mwenyewe, ndipo nilipoona kwamba umeondolewa darasa la pili tangu Agosti na kufanywa mtunza stoo. Ungeniambia. Ningeweza kusema neno mahali. Au pengine hukuniambia kwa sababu ulijua nisingesema.

Wifi yangu atakuwa amekueleza ya safari, lakini hakuwa amekaa nasi ukumbini, kwa hiyo haya yaliyobaki nakueleza mimi. Walipofika nilimpa Chiriku kitabu chumbani kwangu. Akaanza, fu, fundi, na mimi nikamwambia inatosha, mama amechoka. Mstari mmoja tu, nikamkatiza. Asubuhi yake nilimwambia mkurugenzi kwamba mtoto ana kikohozi. Wakaleta binti mwingine, wa shule iliyo karibu na ofisi, mwenye sauti nzuri. Alipanda na kitabu, akasoma Mbuzi wa Fundi yote bila kugeuza ukurasa hata mmoja, na hadithi ile ina kurasa nne. Waziri alitoa leso akajifuta macho. Wafadhili walisimama. Ukumbi mzima ukapiga makofi ya roketi, watu wazima wenye suti, na mimi nikiwemo.

Chiriku alikuwa amekaa karibu yangu, kwenye gauni la njano. Juu ya jukwaa kulikuwa na bango. Makofi yalipotulia, waziri akisogelea kipaza sauti, nikamsikia mtoto akianza. Ki-la. M-to-to. Kwa sauti, unajua sauti yake. M-so. Watu wa mbele wakageuka, mkurugenzi akageuka. Nikamziba mdomo. Kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka nikahisi meno yake. Hakulia wala hakunisukuma. Aliendelea kusoma ndani ya kiganja changu, nilisikia pumzi ya kila silabi, ma, ji, mpaka akalimaliza bango.

Nilimwonea aibu mwanangu. Nimeandika sentensi hiyo na siifuti. Nilimwonea aibu kwa sababu anasoma polepole, mbele ya watu ambao hawajui kama aliyesoma jukwaani alikuwa anasoma. Baadaye nilienda chooni nikanawa uso, nikarudi kupigwa picha.

Mkataba umeongezwa mwaka mwingine.

Haya ni yako peke yako. Chiriku usimwambie. Akiuliza kwa nini hakupanda jukwaani, mwambie ni kile kikohozi, na kwamba mama anampenda.

Dada yako

2 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako hajambo, ana nguo nyingi za kushona msimu huu. Mimi stoo naiendesha vizuri. Nimepewa ufunguo wa kabati la vitabu, na kwa bahati mbaya nimeupoteza kabati likiwa wazi, kwa hiyo darasa la pili wanakuja kuchukua vitabu na kuvichafua. Mwalimu mkuu bado anautafuta.

Barua yako haikuanzia kwangu. Siku ile dereva alipofika nilikuwa ndani napanga madawati mabovu, akamkuta Chiriku uwanjani na kumpa, kama angempa mtoto yeyote amfikishie mwalimu bahasha. Mtoto akaona ni mwandiko wako. Hakunifikishia. Alikaa nayo chini ya meza ya cherehani jioni mbili, na wifi yako akadhani anacheza na vitambaa. Maneno marefu aliyaruka, kisha akayarudia mpaka akayashika. Jioni ya tatu akaniletea karatasi, akaniwekea kidole kwenye mstari, akanisomea. Ni-li-mwo-ne-a a-i-bu mwa-na-ngu. Hakukosea popote.

Akaniuliza kama huyo "mwanangu" ni yeye au kuna mwingine.

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, ule wa kikohozi ulionipa mwenyewe, lakini alikuwa ameshausoma nao. Nilikukasirikia, dada, siku hiyo na siku zilizofuata, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nakukasirikia hata sasa. Ulimsikia kwa masikio yako akisoma bango, ukaisikia pumzi yake mkononi mwako, halafu ukakaa ukaandika siri zako zote kwenye karatasi na kuzituma kwenye nyumba anayoishi, kama mtu aliye na hakika kwamba mwanawe hajui kusoma. Mratibu wa kanda nzima.

Hakulia. Amepunguza maneno kidogo, wateja wanamuulizia. Kila siku akitoka shule anachukua kitabu na ile saa yangu ya mkononi, anaenda nyuma ya nyumba, anasoma ukurasa, anaangalia saa, anaurudia. Nilimkataza, hakusikia. Amenituma nikuambie kwamba anajizoeza kusoma haraka, ili siku ukija usione aibu.

Nimeandika kama alivyosema. Barua hii ameisoma kabla sijaifunga.

Mdogo wako